Filamu zinakwama, fundi anasema niongeze intaneti

*"Habari mtaalamu. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na familia. Mwaka jana nilinunua NAS ya mtumba (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kinachounganishwa na ruta) yenye matundu mawili ya diski na RAM ya GB 2, nikaweka diski mbili za TB 4 kwa mtindo wa RAID 1 ili kila kitu kiwe na nakala mbili. Nimehamishia humo filamu zetu na picha na video zote za watoto tangu wazaliwe, kisha nikafuta kwenye simu maana zilikuwa zimejaa. Fundi aliniwekea Jellyfin, programu ya kutazamia filamu zilizo kwenye NAS. Filamu nyingi zinacheza vizuri kwenye TV ya sebuleni, ila baadhi nikiwasha maandishi ya chini zinakwama kila baada ya sekunde chache. Fundi alisema intaneti ni ndogo, nikapanda kutoka Mbps 20 hadi 50, hali ni ileile. Sasa anasema ninunue NAS kubwa zaidi, na tufungue poti kwenye ruta, yaani njia ya kuingilia kutoka intaneti, ili mama yangu aliye Moshi aone picha za wajukuu. Umeme wa huku nao unakatika mara kwa mara. Nibadilishe mashine, nihamie Plex (programu nyingine kama Jellyfin), au nirudi kulipia hifadhi ya Google?"*

Ndugu yangu, umeuliza sana kuhusu filamu, lakini maneno yaliyonishtua ni haya: "kisha nikafuta kwenye simu." Tuanze hapo. Filamu ikikwama utakasirika jioni moja. Picha ya mwanao akiwa na siku tatu ikipotea, hakuna duka la Kariakoo utakakoipata. Kama unayo eksteno (diski ya nje ya kuchomeka kwa USB) yoyote yenye nafasi, ichomeke kwenye NAS sasa hivi, anza kunakili folda ya picha, na uendelee kusoma huku ikinakili.

RAID 1 haifanyi kazi unayodhani inafanya. Diski mbili zinaandikwa kitu kilekile kwa wakati uleule, na faida yake ni moja tu: diski moja ikifa, mashine inaendelea kwa ile iliyobaki mpaka ununue nyingine. Inakuepusha na usumbufu wa kusimama kazi. Haikuepushi na kupoteza vitu. Mtoto akifuta folda, imefutwa kote kuwili papo hapo. Kirusi kikifunga mafaili, kimefunga kote kuwili. Mwizi naye akiingia hachomoi diski moja akakuachia nyingine. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako umeme ulirudi kwa kishindo, ukaunguza pawasaplai, na pawasaplai ikaondoka na diski zote mbili. Mhasibu alibaki akirudia, "Lakini tulikuwa na RAID."

Kwako kuna jambo la ziada, kwamba mashine ni ya mtumba. Kama diski ulizoweka nazo ni za mtumba, huenda zilinunuliwa siku moja na zimezunguka saa zilezile, hivyo hazijapishana sana umri. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa NAS, tafuta taarifa za SMART za kila diski, yaani ripoti ya afya inayotolewa na diski yenyewe, uangalie saa ilizokwisha kufanya kazi na namba tatu: sifa ya 5, ya 197 na ya 198. Ya 5 inahesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa, ya 197 zile diski inazozitilia shaka, ya 198 zile zilizoshindikana kusomeka. Zote zinatakiwa ziwe sifuri. Ya 197 ikianza kupanda, usisubiri mwisho wa mwezi ndipo ununue diski.

Sasa filamu. Fundi wako amekosea, na kosa lake ni la kawaida kiasi kwamba sitamlaumu sana. Filamu inayotoka kwenye NAS kwenda TV ya sebuleni haitoki nje ya nyumba. Inapita kutoka diski kwenda ruta, kutoka ruta kwenda TV, basi. Fanya jaribio: chomoa waya wa faiba unaoingia ndani, ruta ibaki imewaka, kisha cheza filamu kwenye Jellyfin. Itacheza. Hizo Mbps 30 ulizoongeza zimewafaa watoto kwenye YouTube, si filamu zako.

Ushahidi umeutoa mwenyewe: inakwama *ukiwasha maandishi ya chini*. Hapo ndipo penye jibu. Faili ya filamu ni kama kifurushi chenye vitu vitatu: picha, sauti, na maandishi, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa namna yake. TV yako ikizijua namna zote tatu, NAS haina kazi ya maana. Inasoma faili na kuituma jinsi ilivyo, na hata mashine dhaifu inaweza kuhudumia watu watatu kwa pamoja. Jellyfin huita hali hiyo kucheza moja kwa moja. TV ikikutana na kitu isichokijua, seva, yaani NAS yako, inalazimika kukibadilisha papo hapo wakati unatazama. Hiyo ndiyo transikodi, na ndiyo inayoiua NAS yako.

Maandishi ya chini yapo ya aina mbili. Kuna ya SRT, ambayo ni maneno tu yenye saa ya kutokea na saa ya kuondoka, faili ndogo unayoweza kuifungua kwenye Notepad ukaisoma. Na kuna ya PGS, yanayotoka kwenye diski za Blu-ray, ambayo si maneno bali ni vipicha vya maneno. Maandishi ya DVD nayo ni picha. TV nyingi hazijui la kufanya na vipicha hivyo, kwa hiyo seva inaamua kuvibandika juu ya filamu yenyewe. Ili ibandike, lazima ifungue kila fremu, ichore maandishi juu yake, kisha ifunge upya. Filamu ya 1080p ina fremu 24 kwa sekunde na kila fremu ina nukta zaidi ya milioni 2, kwa hiyo ni karibu nukta milioni 50 kila sekunde, mfululizo kwa saa mbili. Prosesa ndogo ya NAS, isiyo na msaada wa chipu ya video, inachemka. Inatengeneza sekunde tano, TV inazimaliza, inasubiri. Ndiyo kule kukwama unakokuona.

(Kama nyumbani mnazo zile filamu zilizotiwa sauti ya Kiswahili na madijei, bila shaka umeona hazisumbui hata siku moja. Msimuliaji yumo ndani ya sauti, hakuna cha kubandika.)

Hakikisha kabla ya kuniamini. Cheza filamu moja yenye matatizo, kisha fungua dashibodi ya Jellyfin kwenye kompyuta au simu nyingine. Inaonyesha nani anatazama nini, kama inachezwa moja kwa moja au inabadilishwa, na sababu ya kubadilishwa. Sababu ikiwa ni maandishi, tumeelewana. Ikiwa ni kodeki ya video, yaani namna picha ilivyofungwa, maana yake TV haijui HEVC, ambayo ni kodeki ya kisasa zaidi, au haijui ile ya biti 10, na hilo nalo ni zito. Ikiwa ni sauti peke yake, usijali sana. Samsung, kwa mfano, iliacha kusoma sauti ya DTS kwenye TV zake kuanzia 2018, kwa hiyo seva hubadilisha sauti. Sauti ni mzigo mwepesi ambao hata NAS yako inaumudu.

Dawa ya maandishi ni rahisi kuliko NAS mpya. Tafuta SRT ya filamu husika, iweke kwenye folda ileile ya filamu, na uipe jina lilelile. Kama filamu ni *Harusi2019.mkv*, maandishi yawe *Harusi2019.sw.srt*, hiyo "sw" ikimwambia Jellyfin kwamba ni Kiswahili. Kisha iambie Jellyfin iyasome upya makusanyo yako, na wakati wa kutazama uchague hayo badala ya yale ya ndani. Kama SRT haipatikani, programu ya bure iitwayo Subtitle Edit inaweza kusoma vipicha vya PGS na kuvigeuza maneno. Utasahihisha herufi mbili tatu zilizosomwa vibaya, lakini unaifanya mara moja tu na filamu imepona daima.

Njia ya pili ni kuiacha TV ibaki skrini tu, na uichomekee kisanduku cha Android TV kinachojua HEVC na maandishi ya picha. Ni bei ndogo kuliko NAS yoyote, na kwa nyumba nyingi ninazoshauri ndicho kinachomaliza kesi. Angalia pia njia ya kufika kwenye TV. Kama ni waifai ya 2.4 GHz inayopita kuta mbili za tofali, filamu nzito itasumbua hata bila maandishi. Vuta waya. Na usishangae ukiona tundu la waya la TV linaishia Mbps 100. TV nyingi ziko hivyo, na kwa filamu za 1080p zinatosha kabisa.

Kuhamia Plex hakutatibu hili, kwa sababu nayo hukutana na vipicha vilevile na kuvibandika vivyo hivyo. Isitoshe, tangu Aprili 2025 Plex inatoza ada kutazama vitu vyako ukiwa nje ya nyumba, na kutumia chipu ya video kubadilisha filamu kulikuwa kwa kulipia tangu zamani. Jellyfin ilizaliwa Desemba 2018, pale waliokuwa wakichangia Emby, programu nyingine ya aina hiyo, walipoona inafunga msimbo wake, wakachukua msimbo wa zamani na kuendelea nao. Ni bure, na inabaki bure ukiwa Tabata au Tukuyu. Mimi ningebaki nayo.

Mashine mpya basi? Bado. Siku utakapotaka kuendesha huduma nyingine nyumbani, hasa Immich, ambayo inapanga picha kwa sura za watu na kuzipokea moja kwa moja kutoka kwenye simu, hapo NAS ya RAM GB 2 haitafaa, maana Immich inataka angalau GB 6. Lakini hata hapo nisingekushauri NAS kubwa. Ningekwambia utafute kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na RAM ya GB 16, iendeshe Jellyfin na Immich, na NAS uliyonayo ibaki ghala la diski. N100 ilitoka 2023, imeundwa kwa wati 6, na ndani yake mna chipu ya video inayomeza transikodi ambayo NAS yako inaililia. Jambo moja tu: usianze na nywila za familia au barua pepe. Watu wakinogewa na mambo ya seva huhamishia kila kitu nyumbani, halafu siku umeme unapokatika mke anashindwa kuingia benki.

Umeme wenyewe tuuzungumze kwa hesabu. NAS yenye diski mbili inakula kama wati 20. Ikiwaka saa 24 kwa siku 30 ni uniti 14 na nusu hivi. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, shilingi 350 na ushee kwa uniti pamoja na kodi, ni kama elfu tano kwa mwezi. Ila kama uko kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, hizo 14 zinaweza kukuvusha mpaka, na hapo kila uniti ya nyumba nzima itapanda bei. Angalia matumizi yako ya LUKU kwanza. Mtu akikushauri kugeuza kompyuta ya zamani ya mezani kuwa seva, mkumbushe kwamba wati 80 ni uniti zaidi ya 57 kwa mwezi.

Kukatika kwenyewe kunaumiza pale mashine inapokuwa katikati ya kuandika, na kurudi kwa umeme mara nyingi kunaumiza zaidi. Nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kushikilia mashine umeme ukikatika, lakini iwe yenye waya wa USB wa kuzungumza na NAS. UPS isiyo na waya huo inachelewesha kifo tu, kwa sababu betri ikiisha mashine inazimika ghafla vilevile. Yenye waya inaiambia NAS kwamba umeme umekwenda, na NAS inajizima kistaarabu. Iwekee ijizime baada ya dakika tano, na iwake yenyewe umeme ukirudi. Betri ya UPS huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo ijaribu mara mbili kwa mwaka kwa kuichomoa ukutani ukiwa umesimama pale.

Suala la kufungua poti: hapana. Kwanza huenda lisiwezekane hata ukitaka. Kampuni nyingi za intaneti hazimpi kila mteja anwani yake ya IP, bali huwakusanya wengi nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, uko nyuma ya ukuta huo na poti utakayofungua haimfikii yeyote. Pili, likiwezekana ni baya zaidi. Januari 2022 kirusi cha DeadBolt kilishambulia NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa zinafikika kutoka intaneti, kikafunga mafaili ya watu na kudai bitcoin 0.03 kwa kila mmoja. Kwenye NAS ya mtumba, ambayo huenda mtengenezaji ameshaacha kuitolea masasisho, ni kama kulala mlango wazi.

Badala yake weka Tailscale kwenye NAS na kwenye simu yako. Inatengeneza njia ya siri kati ya vifaa vyako tu, inapita nyuma ya ule ukuta wa kampuni bila kufungua chochote, na kwa matumizi ya nyumbani ni bure. Wewe na mkeo mtafika kwenye picha zenu hata mkiwa safarini.

Lakini mama? Hapa nitakuwa mkweli. Video ya 1080p ya Mbps 8 inakula GB 3.6 kwa saa, na kama mama anatumia bando la simu, wajukuu watammalizia la wiki kabla keki haijakatwa. Halafu siku programu ikimtoa, ni wewe utakayepigiwa simu. Mtumie picha za kila wiki kwa WhatsApp kama kawaida. Ubora unapungua, sawa, lakini asili utakuwa nayo wewe.

Na Google? Si jambo la kuonea haya. Watu wengi walihama Juni 2021, Google Photos ilipoacha kuhifadhi bure bila kikomo, na walihama kwa hasira. Kwa filamu usilipie wingu kamwe, kwani zinapatikana tena. Kwa picha peke yake, kulipia ni nakala mojawapo ya halali kabisa. Kama zote ni GB 300 na kasi yako ya kupandisha ni Mbps 10, ni kama siku tatu usiku na mchana, kisha imekwisha. Usiku wa leo chagua moja, wingu au eksteno. Ukiweza vyote viwili, usiku wako wa kesho utakuwa mzuri zaidi.

Kuna wakati wa kuacha kusoma na kumtafuta mtu ana kwa ana. Diski ikianza kulia tik-tik-tik, au NAS ikisema diski zote mbili hazisomeki, zima na usiwashe tena. Usimpe fundi wa simu aifungue, na usiiweke kwenye friza hata kama jirani ameapa. Kila dakika inayozunguka inajikwaruza. Peleka kwa wanaofanya kazi ya kuokoa data tu, na uulize bei kabla hawajagusa kitu. Vilevile, ukigusa kasha la NAS ukahisi linakusisimua vidole, hilo si la mtu wa kompyuta. Ita fundi umeme apime waya wa ardhi wa nyumba.

Limebaki moja, na mama yako ndiye suluhisho lake. Nakala zote zikiwa Tabata, moto mmoja au mwizi mmoja anazimaliza. Desemba bila shaka mnapanda Moshi kama watu wote wa kule. Nunua eksteno mbili zinazofanana. Moja iwe inapokea picha kutoka kwenye NAS kila wiki. Nyingine ijaze, uifunge kwa nywila kwa kutumia programu ya VeraCrypt, ujaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine ili uone picha kadhaa kwa macho yako, kisha uiache kwenye kabati la mama. Kila mwisho wa mwaka mnabadilishana: inayotoka Dar inabaki Moshi, ya Moshi inarudi nawe. Nywila usiiandike juu ya diski.

Na kwa kuwa hiyo ya kabatini mama hawezi kuitazama, mbebee pia fleshi yenye video za wajukuu, aichomeke nyuma ya TV yake, bila bando wala Tailscale. Zigeuze kuwa MP4 za H.264, maana simu za siku hizi hurekodi kwa HEVC ambayo TV ya zamani inaweza kuikataa, na kama fleshi imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, hakikisha hakuna faili inayofika GB 4.